Jinsi ya Kupoteza Waranti Usiyokuwa Nayo: Mwongozo wa Dizeli kwa Mgeni wa Tanga

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja tu: yule aliyenunua gari la dizeli juzi, akalileta Tanga, na jana jioni kwenye baraza la kahawa akaambiwa kwamba injini ya dizeli inakunywa chochote. Huenda gari lake ni Land Cruiser ya mkonga iliyotoka mnadani, imeshatumikia miradi mitatu na wakurugenzi wanne. Huenda ni Hilux iliyoshuka melini kutoka Japani, bado inanukia manukato ya mwenyewe wa kwanza. Haja yake ni kupunguza gharama za mafuta, na hofu yake ni waranti. Tutamtimizia yote mawili. Gharama zitapungua mpaka siku ya fundi, na habari ya waranti hatahangaika nayo tena. Afuate tu hatua kwa mpangilio wake, kwani akiruka hata moja injini inaweza kupona.

Hatua ya kwanza: jitie moyo kwa historia

Mzee wa barazani hakukudanganya. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, kampuni ya Otto iliweka injini ndogo ya Rudolf Diesel ikinguruma kwa mafuta ya karanga, na wachache tu waliopita hapo walitambua. Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba wazo lilikuwa la serikali ya Ufaransa, iliyotaka kujua kama makoloni yake ya Afrika yangeweza kujiendeshea mitambo kwa karanga zilizoota huko huko.

Hadithi hii isimulie hivyo hivyo, kisha unyamaze. Usifike mwaka 1937, maana hapo ndipo inapoharibika. Mwaka huo G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya namna ya kuyageuza mafuta ya mimea kabla hayajatiwa kwenye injini, na mwaka uliofuata basi la abiria likasafiri kati ya Brussels na Louvain kwa mawese ya Kongo yaliyogeuzwa kwa njia hiyo. Msikilizaji mwenye akili atauliza: kama mafuta ya kula yalifaa yalivyo, profesa alikuwa anageuza nini? Mwagizie kahawa nyingine.

Hatua ya pili: yachukulie mafuta yote kuwa mamoja

Mafuta ya mimea, mabichi kama yalivyokamuliwa, ni mazito kuliko dizeli kiasi cha mara kumi. Nozeli iliyotengenezwa kurusha ukungu inarusha matone. Matone hayaungui yakaisha, yanaacha masizi kwenye ncha ya nozeli na kwenye ringi za pistoni, na yale yasiyoungua kabisa yanateremka kuichafua oili mpaka inakuwa nzito. Siku ya kwanza gari litakwenda vizuri, na hata wiki ya pili. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya njia hii: inakupa muda wa kutosha kuwashawishi jirani zako nao wajaribu.

Ukiwa mtu wa Pwani bila shaka utachagua nazi. Pangani na Muheza zimejaa minazi, na mafuta ya nazi ni mepesi na yananukia vyema. Lita yake inaizidi dizeli bei, lakini mtu mwenye azma haangalii hesabu. Tanga mjini, penye joto mwaka mzima, mchana yatatiririka bila shida. Kisha mwezi wa saba upate msiba au harusi Lushoto. Panda kutoka Mombo, pita Soni, lala huko. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 25 hivi, na Usambara alfajiri ya Julai haina habari na nyuzi 25. Asubuhi gari halitawaka, na wenyeji watakuuliza kwa upole kama umelala salama.

Biodizeli ni kitu kingine. Ni mafuta hayo hayo ya mimea, au ya wanyama, yaliyochanganywa na methanoli pamoja na magadi makali ya kostiki, mpaka gliserini ikajitenga ikatuama chini na juu yakabaki mafuta mepesi yanayotiririka karibu sawa na dizeli. Si ndoto ya barazani. Ufilipino, nchi ya minazi kama yetu, ililazimisha asilimia 2 ya biodizeli ya nazi kwenye dizeli yake mwaka 2009. Indonesia imepanda ngazi kwa ngazi kwa mawese, ikafika asilimia 30 mwaka 2020 na 40 mwaka 2025. Huko lakini kuna viwanda, maabara na viwango. Wewe una dumu na hamasa.

Hatua ya tatu: pika mwenyewe nyuma ya nyumba

Zunguka jioni kwa wauza chipsi na wakaanga mihogo, waombe mafuta waliyomaliza kuyatumia. Watashangaa, kwa sababu mkaanga chipsi hodari haamini kwamba mafuta huwa yanaisha kutumika. Atakayokupa yatakuwa meusi, yana punje za chumvi, mabaki ya viazi, maji, na asidi iliyozaliwa kwa kuchemshwa siku nyingi.

Kitabu kinasema uyachuje, uyakaushe maji kwa moto, upime asidi yake, ndipo ujue magadi kiasi gani. Wewe usipime. Yapashe moto, mwagia methanoli iliyoyeyushwa kostiki, koroga, na usubiri usiku kucha. Palipotakiwa kuonekana matabaka mawili, la juu la rangi ya asali na la chini jeusi zito la gliserini, utakuta uji mweupe mzito usiotaka kujitenga. Hiyo ni sabuni. Asidi na maji vimekutana na kostiki vikafanya kazi ambayo vimefanya tangu enzi za mababu. Nguo za nyumbani zitapata faida.

Hapa tuache mzaha kidogo. Methanoli si spiriti ya kidonda. Mvuke wake ni sumu, ikinywewa inapofusha na kuua, na ikishika moto mchana mwali wake hauonekani. Mtu anaweza kuwa anaungua na wenzake wasijue anarukia nini. Hii si kazi ya kufanyia jikoni penye watoto, hata kama dizeli imepanda.

Bahati ikikuangukia ukapata kitu kinachofanana na biodizeli, kioshe kwa maji kutoa sabuni na methanoli iliyobaki, kisha usikikaushe. Biodizeli hupenda maji kuliko dizeli ya petroli inavyoyapenda, nayo hewa ya Tanga ina unyevu wa bahari wa kutosha kukusaidia. Penye maji chini ya tangi huota vijidudu, na vijidudu hutengeneza utelezi mweusi unaoziba filta. Gari liache limesimama miezi kadhaa, ukisubiri hela ya matairi, ili mafuta yapate nafasi ya kuchacha.

Hatua ya nne: soma kitabu cha gari, kama unajua Kijapani

Namba za biodizeli ni rahisi. B5 ni dizeli yenye asilimia 5 ya biodizeli, B20 ni asilimia 20, B100 ni biodizeli tupu. Ulaya, kiwango cha dizeli ya kawaida kinaruhusu mpaka asilimia 7, kwa hiyo mamilioni ya madereva wanaitumia bila kuwaza. Marekani mpaka asilimia 5 inaweza kuwemo bila kibandiko maalumu kwenye pampu. Japani nayo iliweka ukomo wa asilimia 5 mwaka 2007. Watengenezaji wa magari huandika kikomo chao kwenye kitabu cha mwenye gari, na vikomo hivyo hutofautiana kwa injini na kwa soko, ndiyo maana inafaa kusoma cha gari lako na si cha shemeji yako.

Sasa fungua kitabu chako. Kimeandikwa Kijapani. Kibandiko kwenye mfuniko wa tangi nacho ni Kijapani, na redio kila ukiwasha gari inakukumbusha kwa sauti ya dada mpole kadi ya kulipia barabara za Yokohama. Kikomo cha biodizeli kimo humo ndani, kimeelezwa kwa ufasaha kabisa.

Ukikosa mkalimani, angalia injini. Mkonga wenye 1HZ, ile ya lita 4.2 yenye pampu ya kuzunguka, ni mvumilivu, na umeshanyweshwa mengi huko ulikotoka. Hilux mpya zaidi, zenye komoni reli, ni watoto wa mjini. Mafuta yanasukumwa kwa mgandamizo unaozidi mara elfu moja ule wa hewa tunayovuta, kupitia matundu membamba karibu kama unywele, na pampu inalainishwa na mafuta yenyewe. Hiyo ndiyo ya kuitilia ulichopika nyuma ya nyumba, kama unataka matokeo ya haraka.

Hatua ya tano: nunua kwenye dumu

Kama upishi umekushinda, ipo njia isiyohitaji methanoli wala usiku kucha. Kando ya barabara kuu utaona dumu la njano la lita 20 limewekwa juu ya jiwe, na karibu yake kijana amekaa kivulini kana kwamba halimhusu. Punguza mwendo. Atakuja.

Usijiulize maswali ya hesabu. EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mafuta yaliyoshushwa bandari ya Tanga yana safu yake ya bei, mbali na Dar es Salaam na Mtwara. Kila senti imo: bei ya soko la dunia, meli, kodi, tozo, faida ya msambazaji, na faida ya mwenye kituo iliyo nyembamba kwa kila lita. Anayekuuzia kwa punguzo la mamia ya shilingi ama mafuta hayakumgharimu kitu, au ameyaongezea kisichomgharimu kitu. Mwenye dhiki haulizi.

Kinachoongezwa kwa desturi ni mafuta ya taa. Miaka ile kodi yake ilipokuwa ndogo kuliko ya dizeli, uchakachuaji ulikuwa biashara iliyojipa. Ndiyo sababu mwaka 2010 mafuta ya kuuzwa nchini yakaanza kutiwa vinasaba, ili mkaguzi atambue yaliyoongezwa kitu au yaliyokuwa safarini kwenda nchi jirani yakashukia njiani. Mwaka 2011 bajeti ikapandisha sana ushuru wa mafuta ya taa kuondoa tamaa hiyo, na wenye vibatari vijijini wakalipa dhambi ya wenye matangi. Uchakachuaji ulipungua faida. Dumu la kando ya barabara lilibaki.

Litazame vizuri dumu lenyewe. Hiyo njano ni ya mafuta ya kula, ya mawese yaliyokuja kutoka Asia, na ndani yake chini bado kuna mafuta yaliyoganda pembeni mwa mpini, pale kitambaa kisipofika. Basi hongera: umeshachanganya mafuta ya mimea na dizeli, kwa kiwango ambacho hakuna maabara iliyokipima.

Hatua ya sita: ukiharibikiwa, singizia mbono

Gari likianza kukosa nguvu kilima cha Soni, likatoa moshi mweusi na kumisi, lipeleke gereji Ngamiani. Fundi hatagusa kompyuta. Atafungua filta ya dizeli, ataikata kwa msumeno wa chuma, ataikunjua karatasi yake juu ya benchi. Mikunjo iliyopaswa kuwa ya rangi ya maziwa imekuwa myeusi, inateleza, na inanuka kama chumba kisichofunguliwa dirisha. Kisha atachukua chupa tupu ya maji ya kunywa, atakinga mafuta kutoka chini ya tangi, ataisimamisha juani. Baada ya dakika chache chini ya chupa kutakuwa na tone kubwa linaloviringika peke yake chupa ikiinamishwa. Maji.

"Bosi, ulijaza wapi?"

"Sheli."

"Sheli ipi?"

Hapo ndipo pa kutumia jibu ulilolisikia barazani: siku hizi wanachanganya ile biodizeli ya mbono.

Mbono kaburi unaujua. Ni ule mti wa ua la zizi ambao hata mbuzi anaukwepa, kwa kuwa mbegu zake zina sumu. Miaka ya 2000 ulipewa cheo. Serikali iliunda kikosi kazi cha nishati ya mimea mwaka 2006. Kampuni ya Sun Biofuels kutoka Uingereza ilichukua zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe, BioShape ya Uholanzi ikaenda Kilwa, na Diligent ya Arusha ikanunua mbegu kwa wakulima wadogo. Desemba 30, 2008 ndege ya Air New Zealand aina ya Boeing 747 iliruka, injini yake moja kati ya nne ikitumia mchanganyiko wa nusu kwa nusu wenye mafuta ya mbono, na mbegu zilisemwa kutoka Malawi, Msumbiji na Tanzania. Kisha mti uliosifiwa kwamba unastawi penye ukame ukaonyesha kuwa penye ukame unaishi tu. Kuzaa unataka maji na mbolea kama wenzake. Bei ya mafuta duniani ikaanguka, mitaji ikakauka. BioShape ilifilisika, na mradi wa Kisarawe ukasimama mwaka 2011, wanavijiji wakabaki wanaulizia ardhi yao na visima walivyoahidiwa.

Mkoa huu hauhitaji kufundishwa habari za mmea wa miujiza. Mkonge uliingia Kikogwe, Pangani, mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa hai kati ya 1,000 iliyotumwa, ukawa uchumi wa Tanga kwa vizazi. Karanga za Kongwa na Nachingwea zilianza 1947 kwa matrekta na mbwembwe, zikafa katika miaka michache. Mbono ulifuata njia ya karanga. Tangi lako haukulifikia.

Na kichekesho ni kwamba ungelifikia, kwa kiwango cha kiwandani, pampu yako ingeshukuru. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimehamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ni nzuri kwa mapafu, lakini usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia sehemu ya ulainishaji. Asilimia 1 au 2 ya biodizeli safi huurudisha. Mafuta ya taa hufanya kinyume chake: yanaikausha pampu, vyuma vinasagana, na unga wake unashuka kwenye nozeli. Fundi wa pampu akiziweka kwenye mashine ya kupimia utaona mwenyewe zinakojoa badala ya kupulizia. Mchanganyiko unaotajwa barazani hauna kosa. Wenye kosa ni ule usiotajwa, na barazani kila mtu anajua alikoununua.

Hatua ya saba: dai waranti

Kwanza tafuta waranti yenyewe. Gari jipya la dukani linayo, aghalabu miaka 3 au kilomita 100,000, kimojawapo kitakachotangulia, kwa sharti la kufanyiwa sevisi kwa wakala. Gari lililotumika kutoka Japani lina cheti cha ukaguzi, na cheti cha ukaguzi kinasema tu kwamba siku ile, bandari ile, breki zilishika. Pampu iliyofufuliwa Dar es Salaam ina mihuri, na mihuri ikikatwa maneno yameisha. Fundi wa Ngamiani naye ana yake, isiyoandikwa: "Likizingua unirudishie." Kwa wengi wetu hiyo ya mwisho ndiyo imara kuliko zote, kwa sababu fundi tunamjua anakoswali.

Tuseme unayo ile ya dukani. Wengi wanaamini kwamba biodizeli ikigusa tangi, waranti nzima inakufa palepale. Sivyo inavyokwenda. Waranti ni ahadi ya mtengenezaji juu ya makosa ya mtengenezaji. Dirisha likigoma kupanda, hawezi kukukatalia kwa sababu ulijaza B20. Marekani ipo sheria ya tangu 1975 inayomlazimu aonyeshe kwamba kilichoharibu ni hicho anachokilalamikia. Ila nozeli zikiziba, ataomba sampuli ya mafuta, na akikuta maji, mafuta ya taa, au biodizeli iliyopita kikomo cha kitabuni, hatalipa. Hatalipa pia kwa dizeli ya petroli iliyo chafu, hata isiyo na tone la mmea. Madhara ya mafuta ni deni la muuza mafuta.

Basi mwendee muuza mafuta. EWURA hupokea malalamiko, na Tume ya Ushindani ipo kwa Sheria ya Ushindani ya 2003 kumlinda mlaji. Wote watakuuliza kitu kimoja: risiti. Kijana wa dumu hakuwa na mashine.

Kiambatisho kwa mkaidi anayetaka injini ipone

Wapo wasomaji wabishi ambao, pamoja na maelekezo yote haya, watataka kutumia gari lao miaka kumi. Kwao tunasema kwa ufupi. Jaza kituoni, chukua risiti ya mashine ya EFD, iandike kilomita nyuma yake uitunze. Fungulia maji ya chini ya filta mara kwa mara, hasa masika. Ukipata biodizeli ya kweli, yenye cheti cha maabara, anza na kiwango kilichomo kitabuni, na uweke filta ya akiba chini ya kiti: biodizeli huosha uchafu wa miaka uliolala kwenye tangi na kuupeleka wote kwenye filta kwa mkupuo. Gari la zamani likaguliwe mipira ya mafuta, maana ya mpira wa asili hulainika na kuvuja. Oili ibadilishwe mapema kuliko ulivyozoea. Gari lenye chujio la moshi kwenye ekzosi liachie dizeli ya kituoni tu. Na mafuta yoyote utakayojaza, siku ukiyatilia shaka kinga chupa moja, uifunge, uandike tarehe. Ndiyo shahidi wako pekee.

Utaona ni mambo madogo, na filta mbili kwa mwaka ni nafuu kuliko seti moja ya nozeli. Mwenye haraka ya kulipia nozeli arudi hatua ya tano. Ndiyo njia fupi kuliko zote, na haihitaji kupika.